Mtu Mwema Haogopi Kuulizwa Hesabu

Msiba ukitokea kijijini hapa Uganda, iwe Masaka, Isingiro au Arua, kazi za saa chache za kwanza zinajulikana. Mtu mmoja anampigia simu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Vijana wanatafuta majembe, sururu na sepetu. Akina mama wanaleta kuni, maji, mikungu ya matoke, unga wa posho na maharage. Mwingine anafungua stoo ya kikundi na kutoa turubai, viti, sufuria kubwa na sahani. Waombolezaji wa mbali wakifika jioni wanakuta moto unawaka na pa kukaa pametengenezwa, na mfiwa hajaulizwa hata mara moja chumvi iko wapi.

Mgeni akiona hayo husema watu wa hapa wana roho nzuri. Wanayo. Lakini roho nzuri peke yake hainunui sufuria ya kupikia watu mia mbili. Nyuma ya sufuria ile kuna daftari, ada ya kujiunga, mchango wa kila mwezi, faini ya asiyefika, na mtu aliyechaguliwa kutunza ufunguo wa stoo. Buganda vikundi vya namna hii huitwa munno mukabi, na sehemu nyingine vina majina yao, ila kazi ni ile ile. Siku ambazo hakuna msiba, turubai na viti hukodishwa kwenye harusi, na pesa inayopatikana hununua sahani za kuziba pengo la zilizovunjika.

Daftari la pili ni la rambirambi, ambazo Waganda huziita mabugo. Karani hukaa na kaunta buku karibu na mlango, akiandika jina la kila anayetoa na kiasi alichotoa, hata kama ni shilingi 1,000. Wapo wanaoona aibu kuandika pesa za msiba. Mimi nasema ziandikwe, na jumla isomwe mbele ya wakubwa wa familia siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika. Pesa isiyosomwa ndiyo inayowafanya ndugu wa tumbo moja washtakiane kwa LC wiki mbili baada ya mazishi. Daftari hilo pia humwambia mfiwa nani alisimama naye, ili zamu ya jirani ikifika naye ajue wajibu wake.

Nimekaa na vikundi vya kuzikana, vya kuweka akiba na vya kutunza visima kwa muda wa kutosha kufikia msimamo mmoja ambao sijaona sababu ya kuubadilisha: wema wa mtu huonekana anapoulizwa hesabu ya kitu cha wenzake. Anayejibu bila kununa, akafungua daftari, akaonyesha mstari, huyo unaweza kumjengea kijiji. Anayesema "hamniamini?" muombeeni heri na mchague mwingine.

Malezi yana sehemu yake. Wazee wa Buganda wakifundisha obuntubulamu, yaani utu, hawaanzi na mahubiri. Mtoto hufundishwa kusalimia, kupokea mzigo wa mtu mzima aliyemkuta njiani, kupokea kitu kwa mikono miwili, kumkaribisha chakula anayepita wakati wa kula. Ni vitendo vidogo vyenye mpangilio, hurudiwa kila siku mpaka mwili unavizoea. Mtu mzima naye hujifunza hivyo hivyo, na sijaona shule nzuri ya watu wazima kuliko sanduku la akiba.

Mtindo wa vikundi vya akiba na mikopo unaotumika sana Uganda ulianzia Niger mwaka 1991 katika kazi ya shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika nzima. Katika makambi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, ambako Wakongomani wengi huendesha mikutano yao kwa Kiswahili, na katika masoko ya Arua na Koboko, utaukuta karibu kila mtaa. Kikundi kinachofanya vizuri kina watu 15 hadi 30. Wakiwa wachache zaidi, mfuko hautoshi kukopesha. Wakizidi, mkutano unakula nusu siku na watu hawajuani vya kutosha kuaminiana. Viongozi ni watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, wasiotoka nyumba moja. Mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja.

Mkutano wenyewe uko hivi. Watu hukaa kwa namba zao. Sanduku huwekwa katikati, likiwa limefungwa. Mwenyekiti huuliza: wiki iliyopita tulifunga na kiasi gani? Hasomi kitabu, wanachama ndio wanaotaja kwa kichwa, kwa sababu mkutano uliopita haukuisha mpaka kila mtu alipoambiwa aikariri jumla ya mfuko wa mikopo na ya mfuko wa jamii. Wenye funguo wanafungua. Wahesabu wanahesabu kwa sauti, noti moja moja. Ikilingana na iliyotajwa, kazi inaanza. Namba moja anaitwa, anakuja mbele na pesa yake, wahesabu wanatangaza idadi ya hisa, yaani vipande vya akiba alivyonunua, katibu anagonga muhuri kwenye kitabu chake. Kila mkutano mtu anaruhusiwa kununua hisa 1 hadi 5. Akinunua 3, visanduku viwili vilivyobaki kwenye mstari ule hupigwa mstari hapo hapo, ili asitokee mtu wa kuvijaza muhuri baadaye. Kitabu hakiendi nyumbani. Kinarudi ndani ya sanduku.

Yapo malalamiko ya kudumu kwamba utaratibu huu ni wa watu wasioaminiana. Fikirieni upande wa mtunza sanduku. Ni mama mwaminifu, ndiyo maana walimchagua. Usiku mtoto wake anashikwa na malaria kali, kituo cha afya kimeishiwa dawa, duka la dawa linataka pesa taslimu, na chini ya kitanda kuna shilingi 800,000. Bila kufuli, angechukua 30,000 akiwa na nia ya kurudisha Jumatatu. Jumatatu asipate, aandike uongo mdogo, na uongo huo uzae mwingine. Nimeona vikundi vikifa kwa njia hii mikononi mwa watu ambao hawakuwa wezi hata kidogo. Kufuli tatu humlinda mama huyu na usiku ule. Na kwa kuwa kikundi kinajua usiku wa namna hiyo utamfikia kila mtu, ndipo unapokuja mfuko wa jamii.

Mfuko wa jamii ni mchango sawa kwa wote, tuseme shilingi 500 kila mkutano, unaotunzwa kwenye mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku. Viwango huamuliwa mwanzoni mwa mwaka wa kikundi: mwanachama akilazwa, 50,000, akifiwa na mwenzi au mtoto, 100,000, nyumba ikiungua, kiasi kadhaa. Lazima viwango viamuliwe wakati hakuna mwenye shida. Kikundi kinachoamua papo hapo hutoa nyingi kwa mchangamfu anayependwa, na kidogo kwa mkimya anayeishi pembeni, halafu kila mmoja hurudi nyumbani akijiona ametenda jema.

Hesabu ya mwisho wa mwaka iwekwe wazi namna hii. Watu 25, hisa moja ni shilingi 2,000, kila mtu ananunua wastani wa hisa 3 kwa wiki. Hiyo ni 150,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 7,800,000, yaani hisa 3,900. Riba na faini zikiufikisha mfuko kwenye 9,360,000, gawanya kwa hisa 3,900 upate 2,400 kwa kila hisa. Mwanachama hata asiyesoma anaelewa: niliweka 2,000, nimepata 2,400. Hesabu ikihitaji mtu wa kuja kuifafanua kwa saa nzima, jueni kuna kitu kimefichwa au kimekosewa.

Yanayoharibika huharibika kwa njia zinazojulikana. La kwanza ni ukubwa wa mtu. Mwenyekiti akiwa pia ndiye mwenye nyumba ambazo nusu ya wanachama wanapanga, hakuna atakayeinua mkono kukataa mkopo wake. Ndiyo maana kuna kikomo: mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, hata awe nani, na kila mkopaji aeleze mbele ya wote anachokwenda kufanya na pesa. La pili ni ratiba. Mkopo ni wa miezi mitatu isizidi. Kwa hiyo kikundi kinachogawana Desemba kinatakiwa kuacha kutoa mikopo mapema, mwezi wa tisa hivi. Wanaoendelea kukopeshana mpaka Novemba hufika siku ya mgao wakiwa na madeni kwenye karatasi na hakuna pesa kwenye sanduku. La tatu ni wizi wa wiki za mwisho, sanduku linapokuwa zito na mji mzima unajua. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, au mlete marejesho yote siku ile ile ya mgao.

La nne linauma zaidi. Msimu wa kampeni mgombea huja na bahasha kwa ajili ya kikundi. Pesa ile ikichanganywa na akiba, tabia ya watu hubadilika ndani ya wiki chache. Waliokuwa wakirejesha kwa sababu ni jasho la jirani yao, sasa wanaona ni pesa ya mheshimiwa, na pesa ya mheshimiwa hairejeshwi. Zawadi ikija, inunue viti au turubai siku hiyo hiyo, isiingie kwenye sanduku.

Halafu kuna ukali. Mwanachama akishindwa kulipa, wenzake humwendea kwa maandamano, wakachukua godoro, mbuzi, hata sufuria ya mezani kwake. Pesa hurudi, mtu hupotea, na watoto wake hukumbuka. Kanuni niliyoiona ikifanya kazi ni ya kumrahisishia mtu kusema kweli: anayekuja kabla ya tarehe na kusema "nimekwama" anaongezewa mwezi mmoja bila faini, anayenyamaza mpaka tarehe ipite analipa faini kamili. Ndani ya mwaka mmoja kikundi chenye kanuni hiyo huwa na watu wanaosema mapema. Wala hawakuwa watu bora kuliko majirani zao; walipewa njia ya kuwa wakweli bila kuvunjiwa heshima.

Milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ina mfano mkubwa zaidi wa wema unaosimama juu ya kanuni. Barabara ya gari ilikuwa mbali na nyumba za watu, kwa hiyo mgonjwa alibebwa kwa engozi, machela iliyosukwa na kufungwa kwenye miti mirefu, mabegani mwa wanaume wakipokezana kupanda na kushuka vilima. Vyama vya engozi vilikuwa na orodha: kila nyumba ina zamu, na asiyefika hulipa faini. Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa ni mtu mzuri au kama alikuwa na kesi ya shamba na mbebaji. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 1996, ilijengea juu ya vyama hivi. Watu waliingia kama kikundi, na sababu yake ni ya msingi: bima ikiruhusu mmoja mmoja, watakaojiunga ni wale ambao tayari wanaumwa, na mfuko utakauka. Vyama vilivyozoea kubeba wagonjwa wa kila nyumba vilikuwa vimeshaelewa hilo zamani.

Naheshimu sana watu ambao wema wao ulikuwa mkubwa kupita kanuni, lakini hata hao ukiwatazama vizuri utakuta kanuni. Dakta Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor, Gulu, alikuwa masomoni Kampala Oktoba 2000 alipoitwa kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alirudi, akapitia majalada ya wagonjwa, akahisi ni homa ya kutoka damu, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa kwa kufuata mwongozo wa kimataifa kabla maabara haijathibitisha Ebola. Alipanga zamu, mavazi ya kujikinga, njia ya kuingilia na ya kutokea. Wauguzi walipoogopa, naye akiwa na haki zote za kuogopa, aliingia wodini pamoja nao. Usiku mmoja wa Novemba aliitwa kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akivuja damu, akaingia bila miwani ya kujikinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43. Uganda ilipoteza watu 224 kati ya 425 waliougua katika mlipuko ule, na wahudumu wa Lacor walikuwa miongoni mwao. Wodi aliyoipanga iliendelea kufanya kazi baada yake, na ugonjwa ukazimwa mapema mwaka uliofuata.

Kuna swali ambalo vikundi vya akiba haviwezi kulijibu: mtu akishatenda ubaya mkubwa, anarudije kuwa mwema kati ya watu wale wale? Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana mato oput, sherehe ya upatanisho, kwa ajili ya mauaji kati ya koo. Mtu akiua, koo mbili huacha kula pamoja, kunywa pamoja na kuoana. Wazee husuluhisha, upande wa muuaji hukiri, na ukoo wake wote, siyo yeye peke yake, huchanga fidia. Hapo ndipo sherehe inafuata: upande wa muuaji huleta kondoo, upande wa aliyeuawa mbuzi, wanyama hukatwa na nusu zao kubadilishanwa. Mizizi michungu ya mti wa oput hupondwa na kuchanganywa na pombe ya kwete, na wawakilishi wa pande mbili hupiga magoti na kunywa kutoka kibuyu kimoja. Mpangilio huo una maana. Ukinywa kabla ya kukiri, au kabla ya kulipa, watu hubaki na kinyongo, na kinyongo hakina tarehe ya mwisho.

Wapo wanaodhani mato oput ni dawa ya kila kitu. Vita vya kaskazini kati ya serikali na waasi wa LRA vilionyesha mipaka yake: kijana aliyetekwa na waasi akiwa mtoto aliua watu asiowajua, wa ukoo usiojulikana, tena kwa amri. Hapo hakuna upande wa pili wa kukaa naye chini. Kilichotumika sana kwa waliorudi, hasa baada ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, ni kukanyaga yai, nyono tong gweno. Yai huwekwa njiani pamoja na tawi la opobo, ambalo utomvu wake huteleza, na layibi, mti wa kufungulia ghala la chakula. Anayerudi hukanyaga yai mbele ya watu na kuingia nyumbani. Ni mapokezi, na mapokezi yana thamani yake, lakini hayachukui nafasi ya kesi ya mahakama wala ya fidia kwa waliokatwa viungo. Anayeyachanganya huwaumiza walioumizwa mara ya pili.

Nako West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wema uliwekwa kwenye mizani mwaka 2016. Kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa Agosti katika wilaya ya Yumbe, na hadi mwisho wa mwaka ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 250,000 kutoka Sudan Kusini. Wenyeji walitoa ardhi. Wazee wengi wa huko wenyewe waliwahi kukimbilia Zaire na Sudan baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, kwa hiyo walijua kulala chini ya mti wa mtu. Lakini kumbukumbu hiyo haiwezi kutatua ugomvi wa kuni, nyasi za kuezekea na foleni ya jerikeni. Kinachotatua ni kamati ya maji yenye wenyeji na wakimbizi pamoja, wanawake wasiopungua nusu, yenye saa za kufungua pampu zilizoandikwa, na mchango wa kila nyumba unaokusanywa kila mwezi pampu ikiwa nzima. Mpira wa ndani wa pampu ya mkono huchakaa tu, hakuna namna. Kamati inayongoja uharibike ndipo ikusanye hukuta kila upande unasema waliouharibu ni wale wengine.

Mwisho nataja waliobaki nje, kwa sababu vikundi vyetu vina dosari hii na haitajwi vya kutosha. Bibi anayelea wajukuu yatima, mtu mwenye ulemavu asiye na kibarua, familia iliyofika kambini mwezi uliopita: hawa hawana mchango wa wiki, na mara nyingi ndio wenye shida zaidi. Kikundi cha kuzikana kinaweza kukubali kazi badala ya pesa, kwa kipimo kinachoandikwa kwenye daftari kama pesa inavyoandikwa: mizigo miwili ya kuni, jerikeni kumi za maji, siku moja ya kupika. Turubai na sufuria zitoke bure kwa kila msiba wa kijiji, awe mwanachama au asiwe, na fedha taslimu zibaki za wanachama. Na kikundi cha akiba kinapopanga thamani ya hisa mwanzoni mwa mwaka, katibu amfuate kwanza mwenye kipato kidogo kuliko wote, wakiwa wawili tu, amuulize anaweza nini kila wiki bila kuwalaza watoto na njaa. Akisema 1,000, hisa iwe 1,000. Wenye uwezo watanunua tano.